Kwa Nini Hukuniomba Mbao

Kezia mwanangu,

Mama yako yuko kazini kule nyumba ya wazee, na wewe umeshuka Cabramatta na wenzako kula ile supu ya tambi mnayoipenda, kwa hiyo meza ya jikoni mchana huu ni yangu peke yangu. Nimefuta makombo, nimechukua kalamu, nimevua saa. Mtu akiandika na saa mkononi maneno yanatoka yakikimbia. Hilo nililijua nilipokuwa mwandishi wa barua wa kambi nzima ya wakimbizi. Watu walipanga foleni kutoka kwenye bomba la maji hadi mlangoni kwangu, wengine wamebeba viti vyao, na mimi nimeishia darasa la tano tu. Mama yako atakwambia walikuwa watu wawili. Mama yako hakuwepo siku zenye foleni.

Mambo ya blanketi, ya kula asubuhi na ya kupiga simu sitayaandika. Hayo ni yake, na ameshayasema mpaka kuta zimeyakariri. Kesho unakwenda Tamworth kuanza uanagenzi wa useremala, na mimi nina jambo moja tu. Siku ile kwenye bustani nilikuuliza swali, ukanijibu, nikainuka nikasema naenda kuangalia gari. Gari halikuwa na shida yoyote. Nilikosa la kusema, na wewe unajua hilo ni jambo ambalo halijapata kunitokea. Sasa ni zamu yangu.

Nisizunguke. Nina wivu. Nina wivu na mzee Colin. Na si wivu wa kutaniana. Ni ule wa mke mkubwa anayesikia vijiko vinagongana kwenye nyumba ya mke mdogo. Kila Jumamosi ulipanda treni kwenda Quakers Hill, kwenye banda la useremala la yule mzungu mstaafu, ukarudi jioni na unga wa mbao kwenye nyusi, unanukia mkaratusi, na maneno yako yote ni Colin kasema hivi, Colin kasema vile. Tunakula, Colin kasema. Mama yako anauliza chumvi iko wapi, Colin kasema.

Na katika nyumba hiyohiyo, kwenye kochi lile la bluu, alikuwa amekaa seremala.

Kiti nilichomtengenezea mkuu wa kambi umekisikia. Kisikie tena, maana huko uendako hakuna wa kukusimulia. Kilikuwa cha mninga mtupu, hakina msumari hata mmoja, na mgongo wake niliupiga randa mpaka nzi akitua anateleza. Mkuu akikikalia hawezi kusema uongo. Siku moja alikuwa anawaambia wageni kwamba mgao wa mahindi uliwafikia watu wote, kiti kikalia kwii. Akarudia maneno, kikalia tena. Ikabidi ahamie kiti cha plastiki amalizie hotuba. Ndiye mjomba wako huyo. Kwamba huku naendesha mashine ya kunyanyulia mizigo kwenye ghala, hiyo ni habari ya mshahara, si habari ya mikono.

Sasa fikiria mtu kama huyo. Anasikia binti wa dada yake amepewa kazi na kikundi chake cha vijana: akitaka ile tuzo ya huduma, abuni mradi wa kuwafaa watu na ausimamie mwenyewe hadi mwisho. Binti anaamua kuwatengenezea mabenchi akina mama wa bustani ya jumuiya hapa Liverpool, si ile ya mpira, wale wanaolima lengalenga, mchicha wetu, na maharage halafu wanapumzika juu ya ndoo zilizopinduliwa. Mjomba anafurahi. Anajua kwamba gerejini, nyuma ya friji bovu, ana mbao. Na si mbao za kuokota. Ni za sakafu ya nyumba ya zamani iliyobomolewa karibu na ghala letu. Msimamizi alinikuta nazikodolea macho akasema chukua kabla lori halijaja. Nzito kama jeneza la tajiri. Niliparuza moja kwa randa, ndani nyekundu kama nyama ya ng'ombe. Nikazipanga, nikazifunika, nikakaa kwenye kochi kungoja binti aje aseme, Mjomba, naomba mbao.

Binti akaenda dukani kwa vifaa vya ujenzi kuuliza kama wana mbao zenye kasoro wanazotaka kutoa bure. Meneja akakataa. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mzee ameshika kopo la vanishi, akasema yeye anazo. Ndiye Colin. Ukaniletea habari hiyo kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nikasema, "Vizuri." Unakumbuka nilivyosema vizuri? Niliisema kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Halafu ile siku alipokurudisha na pikapu yake. Akashuka, akanipa mkono, nikahisi mkono una pengo. Kidole cha shahada hakipo. Nikacheka moyoni, Mungu anisamehe. Nikasema, huyu ndiye fundi? Mimi nimeshika msumeno tangu sijaota ndevu, nimekata magogo usiku wa mvua bila taa, na vidole vyangu vyote kumi vipo, vihesabu.

Akasema kwa Kiingereza chake cha puani, "Huyu ana mikono mizuri. Nani alimfundisha kushika randa?"

Ukajibu, "Hakuna. Niliona kwenye video."

Kezia. Kule kambini sikuwa na jiliwa ya kubania mbao. Nilikuwa nakukalisha wewe juu ya ubao ili usicheze wakati nakata. Ulikuwa mdogo, baba yako ndiyo kwanza tumemzika, na mahali pekee ulipokuwa hulii ni pale juu ya ubao wangu. Nikimaliza kukata nilikushikisha randa, mikono yako chini ya yangu, tunasukuma pamoja, na ulikuwa unacheka ukiona maranda yanajikunja. Najua hukumbuki. Mtoto wa umri ule hakumbuki. Lakini mikono yako inakumbuka, yule mzee aliiona, na shukrani ikaenda kwenye video.

Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo siku ya mkutano wa wazazi. Sasa nikueleze mkutano kama nilivyouona mimi, maana wewe uliuona kutoka upande wa kushinda.

Bi Meredith, kiongozi wenu, alituita kwenye ukumbi kwa sababu kulikuwa na malalamiko. Kijana mmoja alikuwa amezunguka madukani na kopo akikusanya hela za mradi wake, watu wakauliza kama hicho ni kikundi cha huduma au cha ombaomba. Akatuuliza wazazi: vijana waruhusiwe kuomba misaada kwa ajili ya miradi ya tuzo, au wasiruhusiwe?

Mama Kui, yule nesi Mkenya, hakungoja hata tukae. "Hebu tuseme ukweli jameni. Mimi nilisomeshwa unesi na harambee. Ng'ombe iliuzwa, makuku yakauzwa, hata chifu alitoa. Kuomba si aibu. Aibu ni kuomba halafu ukule!"

Watu wakapiga makofi. Pasteri Elia akainua mkono polepole, kama anavyoinua kila kitu. "Mimi nina swali dogo. Kama fulani ametoa mbao, fulani ametoa rangi, mzee fulani amepiga randa, mtoto anapewa medali ya nini? Ya kusema asante?"

"Pasta, kusema asante vizuri pia ni kazi," akasema Mama Kui. "Wewe mwenyewe bado hujaniambia asante ya ule mchele."

Ukumbi ukacheka. Mimi sikucheka. Nikasimama. Nilikuwa nimevaa koti lile la kijivu, na nikisema sauti yangu ilikuwa ya kutikisa madirisha sitii chumvi. Nikasema: "Sisi tumekaa kambini. Tulipewa unga, tulipewa mafuta, tulipewa sabuni, tulipewa hata saa ya kulala. Mkono wetu ulikuwa umenyooshwa hivi, miaka. Sikumleta mtoto huku aje aanze kunyoosha wake. Anayetaka tuzo afanye kazi kwa kile alicho nacho. Asiombe."

Hata Mama Kui aliinamisha kichwa. Nikajiona mtu mkubwa. Ndipo sauti yako ikatoka kule nyuma mlikokaa vijana, na siku hiyo hukutumia Kiingereza:

"Mjomba, unasema hivyo kwa sababu mimi sikukuomba wewe."

"Woiye!" akasema Mama Kui, ameshika kiti cha mbele asianguke. "Mzee ameshikwa!"

Nilitoka nikaenda kusimama kwenye maegesho. Nataka ujue nilichokuwa nafikiri pale, kwa sababu ulidhani nina hasira na wewe. Nilikuwa nafikiri, mtoto amejifunza Kiswahili lini kiasi hiki?

Lakini maneno yangu yalishafanya kazi yake. Bi Meredith akasema miradi yote yenye kuomba vitu isimame hadi viongozi wakubaliane. Mabenchi yako yalikuwa yamefika nusu, miguu bila migongo, yamelala kwa Colin. Na ulishapata nafasi Tamworth, kwa mtoto wa yule yule Colin. Ukiondoka kabla hujamaliza, tuzo hakuna. Wewe hukuniambia neno. Uliacha kwenda Quakers Hill. Jumamosi ulikaa chumbani. Nilikuwa nimelitaka hilo, mwanangu, nilitaka Jumamosi yako irudi nyumbani, ikarudi. Ilikuwa imekaa nyuma ya mlango uliofungwa, haina maneno. Nikatengeneza chai vikombe viwili, nikanywa vyote.

Aliyenitoa hapo ni Mama Josefina. Nilikwenda bustanini kumchukulia mama yako lengalenga, nikamkuta amekaa juu ya ndoo yake, akaninyooshea mikono. "Severini, njoo uniinue."

Nikamshika, nikamvuta, magoti yakalia, akasimama akinishikilia kifuani kama mtu anayenikamata.

"Nasikia umesimamisha mabenchi yangu."

"Si mimi, mama. Ni mkutano."

"Mkutano una koti la kijivu?"

Nikajifanya naangalia lengalenga.

"Unafikiri kambini ulikaa peke yako?" akasema. "Mafuta nilipanga foleni na mimi. Aliyenipimia mafuta hakujua jina langu mpaka naondoka. Huyu mtoto wenu alikuja hapa na kamba, akapiga magoti kwenye tope, akanipima kutoka goti hadi chini, akaniuliza nyonga gani inauma zaidi ili aweke mkono wa benchi upande huo. Na huyo ndiye unamwita ombaomba? Mwache aombe. Aombe hata kwa wenye maduka ya simu!" Halafu akaniachia ghafla, nikapepesuka. "Na wewe kama una mbao, si umpelekee?"

Habari za mbao zangu zilikuwa zimefika hadi bustanini. Nikamwambia, "Sijaombwa." Hakusema nimekosea. Yeye ni mtu wa kwetu, alielewa. Alisema tu, "Basi mtakufa mmekaa hivyo, wewe na mbao zako."

Hapa ndipo penye kiini cha mambo, na hapa ndipo wewe uliponifundisha na mimi nataka nikufundishe. Kwetu sisi mtu haendi na mchango wake bila kuitwa. Ukipeleka bila kuombwa unajipenyeza, kama yule anayeingia kwenye picha ya harusi ya watu. Unangoja. Na wanaoombwa kwanza ni ndugu wa karibu kabisa. Kamati ya harusi ikipita mbele ya mlango wako ikaenda kwa jirani, hawajakuonea huruma. Wamekuzika. Kijana wa ukoo wetu alioa bila kumwomba shangazi yake chochote, kwa sababu shangazi alikuwa maskini. Shangazi alikaa nje ya uzio sherehe nzima na kuku wake kwapani, aliyemleta kwa ajili ya kuombwa. Huyo kuku alizeeka. Walimzika shangazi, kuku akahudhuria. Hapo nimeongeza kidogo, lakini uzio ni kweli.

Kwa hiyo ulipopita mlango wangu ukaenda kwa mzee wa kwenye foleni, mimi nilisikia udongo unadondoka juu ya sanduku langu.

Mkutano wa pili niliongea tena, na watu walidhani nimekuja kuomba radhi. Sikuomba. Nilichosema ni kwamba vijana waombe, lakini wasianzie madukani. Waanze kwa watu wao, wasimame mbele yetu, waseme mikono yao imeshafanya nini kabla ya kutaja kilichopungua. Na waombe vitu, wasiombe hela, maana skrubu huwezi kuila. Bi Meredith akasema amezisoma upya taratibu za kikundi, ziko karibu hivyohivyo, kinachotakiwa ni kiongozi aambiwe kabla. Kumbe siku zote zilikuwa hivyo. Tungeuliza mapema tusingepigiana kelele, lakini tungekuwa watu wa namna gani.

Ukaitwa mbele. Ukasimama na ile sweta ya kijani, mikono nyuma, na Kiswahili chako hicho cha kuvukia mto kwenye mawe: "Nimekata miguu yote mwenyewe. Nimepiga msasa mwenyewe. Ninaomba skrubu. Ninaomba rangi ya nje. Ninaomba mutu mwenye gari kubwa. Mbao ninayo, ya Colin."

Mama Kui akasema rangi ni yake, asiguse mtu. Pasteri Elia akatoa basi dogo la kanisa, na akasema polepole kwamba mafuta pia. Skrubu zikatoka kila upande. Mimi nilikuwa nimekaa mstari wa pili, mikono magotini, shingo nimeinyoosha kama jogoo. Nilikungoja useme, na Mjomba. Hata kama ni gundi. Ungesema gundi ningekuletea pipa. Ukasema asante kwa wote ukaenda kukaa, na macho yako yalipita juu yangu kama juu ya kiti kitupu.

Mabenchi yakaisha. Siku ya kuyakabidhi, akina mama wameyakalia wanaimba, nikajitafutia moja la pembeni nikaanza kutafuta kasoro. Nitakwambia ukweli wote: nilitaka kwa roho yangu yote niikute. Nilipapasa chini ya kiti kutafuta skrubu iliyojitokeza. Nikatikisa. Nikaweka shavu kwenye ubao nikachungulia kama umenyooka. Viungo vimekaa kama meno. Mkono wa benchi upande wa nyonga mbovu. Hakuna kasoro, Kezia. Benchi lile hata mimi nisingelifanya hivyo, na hili neno sijawahi kumwandikia mtu yeyote kuhusu kitu chochote.

Ukaja ukakaa. "Umeona kosa?"

"Natafuta."

"Colin alisema utatafuta."

Hata hilo alishalisema!

Ndipo nikakuuliza. "Mbao zangu ziko gerejini. Ulijua?"

"Najua, Mjomba. Paa inavuja. Mimi ndiyo naweka lile plastiki juu, mvua ikinyesha."

"Sasa kwa nini hukuniomba?"

Ukanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji ni maji. Ukachanganya lugha mbili, lakini nilikuelewa: watu wa nje ndio wanaoombwa, watu wa nyumbani wanasema wenyewe. Hapa ndivyo ilivyo. Mtu wako wa karibu anaona unahangaika, anasema, nitakusaidia. Ukimwomba unamlazimisha, hawezi kukataa. "Nilikungoja useme," ukasema. "Kila Jumamosi, kabla ya kwenda treni, nilikuwa nafunga viatu polepole pale mlangoni."

Hapo ndipo nilipokwenda kuangalia gari.

Viatu polepole pale mlangoni! Na mimi kwenye kochi, natazama mgongo wako, nasema moyoni, akigeuka tu akasema neno, nainuka. Wewe unafunga, mimi nangoja. Ukuta kati yetu haukuwepo, ulikuwa ni adabu tu. Adabu yangu ya kule, adabu yako ya hapa, kila mmoja anamheshimu mwenzake mpaka anamkosa. Nimelifikiria hilo nikiendesha mashine ghalani, nikakosea rafu, msimamizi akanipigia kelele.

Sikwambii uache ya hapa. Huko Tamworth utakuwa na watu wapya, wengine watangoja uwaombe, wengine watakwambia wenyewe, na hawataandika usoni ni wa aina gani. Mimi nilichokiona katika nchi hii ni kwamba nimeishi ndani yake kama mgeni wa sebuleni. Nikiulizwa, unahitaji kitu? najibu, hapana, niko sawa. Nilipolazwa na lile jiwe la figo, jiwe kubwa kama yai la bata, daktari aliita wenzake waje walitazame, nesi aliniuliza kama nataka mto mwingine. Nikasema niko sawa. Nilikuwa nautaka ule mto kuliko nilivyotaka kupona. Nilidhani hiyo ndiyo kuufunga ule mkono wa kambini. Lakini wewe ulipiga magoti kwenye tope ukampima Mama Josefina, halafu ukasimama ukaomba skrubu mbele ya watu, na hukuwa mdogo. Ulikuwa mrefu. Nilikuona, na nikaona wivu hata hapo, kwamba mtoto anaweza kuomba namna ile na mimi siwezi.

Mbao zako zipo. Nimesema zako. Lakini sizipakii kwenye gari la mtu, wala sizileti huko. Siku ukizitaka, utaniomba kwa mdomo wako, kama mtu wa kwetu. Mimi nami nitajifunza kusema kabla sijaombwa, kama mtu wa hapa. Tutakutana katikati, na tukikosana, basi tukosane tukiwa tunaongea.

Sasa habari ya kesho. Colin anakupeleka na pikapu yake, mama yako anaingia zamu asubuhi na hawezi safari ndefu, na mimi sikualikwa. Jambo hili limenila wiki nzima. Nilikuwa nimepanga kusimama mlangoni nikupungie mkono kama mwanaume, halafu nirudi kwenye kochi niumwe.

Badala yake, kabla sijaanza kuandika, nimempigia simu. Nilifanya mazoezi bafuni kwanza. Nikamwambia, "Colin, mimi ni mjomba wa Kezia. Ninaomba nafasi kwenye gari lako kesho." Hivyo tu. Ukoo mzima ungenisikia wangekaa chini.

Nikasikia msumeno unazimwa. Akasema nafasi ipo, lakini ile ya katikati ni ya mbwa wake. Mbwa mwenyewe ni mzee, anatapika akikaa nyuma. Kama naweza kumpakata hadi Tamworth, niwe tayari saa kumi na mbili asubuhi. Akaniuliza kama naogopa mbwa.

Unajua ninavyoogopa mbwa. Nilimwambia niliwahi kupambana na fisi.

Barua hii nitakupa tukifika, uisome nikishaondoka. Usimsomee yule mzee. Na asubuhi ukitoka na begi lako ukanikuta nimeshakaa ndani ya pikapu, nimevaa koti la kijivu, nimempakata huyo mbwa na macho nimeyafumba, natumaini hutacheka wala hutauliza. Nimeomba mwenyewe, nimepewa.

Mjomba wako,
Severini